Uteuzi kwa njia ya simu: namna ya kusikiliza kanda za Johnson na Nixon

Mtu anayezifungua kanda za siri za marais wa Marekani akitaka kusikia baraza la mawaziri likiundwa, jambo la kwanza analokutana nalo ni pengo. Franklin Roosevelt alianza kunasa sauti ofisini kwake Agosti 1940, lakini Henry Stimson na Frank Knox, wale Warepublican wawili aliowakabidhi jeshi la nchi kavu na jeshi la majini, alikuwa ameshawateua Juni. John Kennedy aliunda baraza lake Desemba 1960, na mitambo yake ikafungwa katikati ya 1962. Richard Nixon alimtangaza John Connally kuwa Waziri wa Fedha tarehe 14 Desemba 1970, na vinasa sauti vyake vikaanza kazi 16 Februari 1971. Mwishoni ni yaleyale. Mitambo ya Nixon ilizimwa Julai 1973, na Henry Kissinger akatangazwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje tarehe 22 Agosti. Teuzi mbili zilizotikisa serikali ya Nixon kuliko nyingine ziko nje ya kanda, moja miezi miwili kabla ya kuanza na nyingine mwezi mmoja baada ya kuisha.

Anabaki Lyndon Johnson, na yeye hakuunda baraza. Alilirithi zima zima kwa Kennedy, tarehe 22 Novemba 1963. Alichofanya kwa miaka mitano iliyofuata ni kujaza nafasi moja moja kadiri zilivyoachwa wazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya kwa simu. Ndiyo maana kanda zake ndizo zinazofaa kusikilizwa kwa jambo hili kuliko za mwingine yeyote. Ila msikilizaji ajue anasikiliza nini. Mara nyingi mtu ameshachaguliwa kwingine, kwenye mafaili na kwenye vikao visivyonaswa. Simuni tunamsikia akishinikizwa akubali.

Mashine na mkanda

Johnson alitumia Dictaphone, mashine ya kawaida ya ofisini ambayo makatibu muhtasi wa enzi hizo waliitumia kuandikia barua za kuamriwa kwa mdomo. Haikunasa kwa sumaku. Sindano yake ilikandamiza mfereji mwembamba juu ya mkanda wa plastiki uitwao Dictabelt, wenye upana wa sentimita 9 hivi na mzingo wa sentimita 30, unaobeba takribani dakika 15 za maongezi. Mfereji ukishakandamizwa haufutiki, wala hapana namna ya kurekodi juu yake. Kwenye mikanda ya aina hii, kufuta kimyakimya kama zilivyofutwa zile dakika 18 na nusu za kanda ya Nixon ya 20 Juni 1972, iliyotakiwa na wachunguzi wa kashfa ya Watergate, hakuwezekani. Anayetaka kuficha lazima auharibu au auibe mkanda wenyewe.

Udhaifu wake uko kwenye uhifadhi. Mikanda ililazwa bapa kwenye majalada, ikapata mikunjo miwili, mmoja kila upande. Ukichezwa, sindano inagonga kila mkunjo, na msikilizaji anasikia mlio wa kugonga mara mbili kwa kila mzunguko, kwa mpigo uleule usiobadilika. Huo ni mkunjo tu. Wapo wanaousikia wakadhani ni mtu anagonga meza au ni laini ya tatu imefunguliwa. Mkunjo ukiwa mkubwa ndipo hatari inapoanza. Sindano ama inarudi kwenye mfereji wa nyuma na kurudia maneno, ama inaruka mbele na kumeza nusu ya sentensi. Neno lililorudiwa linamfanya mzungumzaji aonekane anasisitiza, na nusu sentensi iliyomezwa inamfanya aonekane amekatisha. Kwenye mazungumzo ya uteuzi, ambako kila kitu kinaning'inia kwenye tofauti ya "nitafikiria" na "ndiyo", mruko mmoja unatosha kupotosha maana. Watunza nyaraka huupasha mkanda joto kidogo ili ulainike, kisha huuvalisha kwenye mhimili unaotanuka mpaka mikunjo inyooke kadiri inavyowezekana, na hapo ndipo hunakili.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna fundi anayeweza kulirekebisha. Mashine haikujiwasha. Johnson alizungusha kidole hewani, katibu akaelewa na kuwasha. Kwa hiyo tulicho nacho ni simu ambazo Johnson mwenyewe alitaka zinaswe, na mara nyingi mwanzo wa simu haupo kwa sababu ishara ilitolewa wakati salamu zimeshapita. Simu nyingi zaidi ni za miezi ya mwanzo, kuanzia Novemba 1963 hadi mwisho wa 1964. Baada ya hapo zinapungua. Ukikuta wiki nzima kimya kuhusu wizara fulani, usihitimishe kwamba jambo hilo halikuzungumzwa.

Na huyo wa upande wa pili hakuambiwa. Sheria ya Marekani ya shirikisho inamruhusu mmoja wa wazungumzaji kurekodi bila kumjulisha mwenzake, kwa hiyo hapakuwa na kosa, lakini kila sauti unayoisikia, ukiacha ya Johnson, ni ya mtu asiyejua kwamba miaka 30 baadaye atasikilizwa na dunia. Johnson alijua. Lisahau hilo kwa dakika moja tu, naye atakushawishi kama alivyowashawishi wao.

Jumamosi ya 1 Februari 1964

Simu ya kuanzia, kwa mtu ambaye hajawahi kusikiliza hata moja, ni ya Sargent Shriver. Nafasi yenyewe haikuwa ya uwaziri kamili: Johnson alimtaka aongoze vita dhidi ya umaskini, mpango mpya ambao ulikuwa bado hauna sheria wala ofisi. Shriver alikuwa mkuu wa Peace Corps na ndiyo kwanza amerudi kutoka safari ndefu nje ya nchi. Saa saba mchana Johnson anampigia na kumwambia atatangaza uteuzi wake kwenye mkutano na waandishi wa habari. Shriver anauliza ni mkutano upi. Ni wa alasiri hii, anajibiwa.

Tangu hapo Shriver hana mahali pa kushika. Anaomba muda ajiandae, anajibiwa kwamba waandishi wanasubiri. Anawataja watu wake wa Peace Corps, kwamba si vizuri walisikie jambo hili redioni kabla hajawaambia mwenyewe, na hilo nalo linapitwa. Kwenye simu ya baadaye siku hiyohiyo Johnson anapunguza sauti na kusema ana watu ofisini, hawezi kuongea kwa uwazi. Ni mbinu ya ajabu, maana aliyepiga simu ndiye anayedai hana nafasi ya kuongea, na mwenzake anaona haya kuendelea kubisha. Alasiri hiyo uteuzi ukatangazwa. Shriver alishika kazi zote mbili hadi 1966. Msikilizaji wa Kenya anayekumbuka enzi ambazo mawaziri walijua hatima yao kwenye taarifa ya habari ya saa saba mchana atatabasamu. Huyu wa Washington angalau alipigiwa simu, saa ileile.

Jambo la kushika kwenye simu hii ni mpangilio. Tangazo linatangulia, ridhaa inafuata. Mpangilio huohuo ulishatumika wiki tisa kabla, tarehe 29 Novemba 1963, kwa Seneta Richard Russell wa Georgia. Russell hakutaka kabisa kukaa kwenye tume ya kuchunguza mauaji ya Kennedy chini ya Jaji Mkuu Earl Warren, mtu ambaye hakumpenda, na akasema hivyo bila kuficha. Usiku Johnson akampigia kumwarifu kwamba tangazo limeshatoka na jina lake limo. Baada ya kusikia simu hizi mbili, kila unaposikia Johnson akimuomba mtu kwa upole, nenda kaangalie kwanza kama taarifa kwa vyombo vya habari ilikuwa tayari imeandikwa.

Anachomwambia mteule na anachomwambia mtu wa tatu

Tarehe 7 Julai 1965 Johnson alimpigia Thurgood Marshall, jaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho huko New York. Wasomaji wa Kenya wanalo la kumjua Marshall kwa upande wao. Mwaka 1960, kwa mwaliko uliopitia kwa Tom Mboya, alikwenda London kwenye mkutano wa Lancaster House kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika, na huko akaandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya katiba ya Kenya. Sasa Johnson anamtaka awe Wakili Mkuu wa Serikali, yule anayeisimamia serikali mbele ya Mahakama ya Juu. Mbele yake kuna hasara iliyo wazi, maana ujaji aliokuwa nao ni wa maisha na kazi anayopewa yaweza kuisha siku rais anapoondoka.

Sikiliza jinsi Johnson anavyojilinda. Anasema hatoi ahadi yoyote nyingine, hataki kumrubuni wala kumpotosha, anataka tu apate uzoefu wa kusimama pale siku baada ya siku. Marshall hakuuliza kuhusu ahadi nyingine. Rais anakana jambo ambalo hakuna aliyelitaja, na msikilizaji mzoefu huweka alama papo hapo.

Jibu la ile alama limo kwenye simu nyingine, ya 20 Julai, siku 13 baadaye, na upande wa pili yuko mchumi John Kenneth Galbraith. Adlai Stevenson, balozi wa Umoja wa Mataifa mwenye hadhi ya uwaziri, alikuwa amefariki London tarehe 14, na Galbraith ndiye aliyependekeza Arthur Goldberg atolewe Mahakama ya Juu akachukue nafasi hiyo. Katika kueleza mambo ya mahakama, Johnson anamsimulia Galbraith mpango wake juu ya Marshall: akae kwenye uwakili mkuu mwaka mmoja au miwili, mpaka asiwepo wa kusema hana sifa, kisha nafasi ikipatikana ampeleke Mahakama ya Juu. Yaani kile alichomwambia Marshall hakipo, kilikuwepo.

Hapa ndipo kosa kubwa la watafiti wapya lilipo. Wanatafuta simu ya rais na mteule, wanaisikiliza mara tatu, wanaandika. Simu ya mteule ndiyo yenye ukweli mchache kuliko zote, kwa sababu ndiyo yenye kitu cha kuuzwa. Kwa kila uteuzi tafuta simu za aina tatu: na mteule, na seneta atakayepiga au kushawishi kura ya kumthibitisha, na mtu asiye na maslahi ya moja kwa moja, kama mchumi, mhariri au rafiki wa zamani wa Texas. Ya tatu ndiyo inayofichua. Bahati mbaya ndiyo pia ngumu kuipata, kwa kuwa jina la mteule halimo kwenye kichwa cha simu.

Mpango wenyewe ulifunguka miaka miwili baadaye kupitia uteuzi wa kiwaziri. Januari 1967 Johnson anaongea na Ramsey Clark, aliyekuwa akikaimu Uanasheria Mkuu tangu Oktoba 1966. Baba yake, Tom Clark, ni jaji wa Mahakama ya Juu. Johnson anamweleza kwamba kama atamthibitisha kwenye kiti hicho baba lazima aondoke mahakamani, kwa sababu ya jinsi watu watakavyoliona. Tarehe 28 Februari Ramsey anatangazwa na baba yake anatangaza kustaafu siku hiyohiyo. Tom Clark anaacha kiti tarehe 12 Juni, na tarehe 13 Marshall anapendekezwa. Seneti ikamthibitisha 30 Agosti kwa kura 69 dhidi ya 11. Kama Johnson alikuwa na mahesabu yote haya kichwani siku ile ya Januari, kanda haisemi, na anayedai inasema anaongeza chumvi. Ila mtu aliyeisikia ile ya Galbraith hawezi kuisikiliza ya Ramsey Clark kama mazungumzo ya familia tu.

Wizara ambayo haikuwepo

Tarehe 15 Januari 1965 Martin Luther King, akiwa Selma, Alabama, siku anayotimiza miaka 36, anaongea na Johnson kwa simu. Watu wengi huisikiliza kwa sababu ya sheria ya haki ya kupiga kura, na ni kweli sehemu hiyo ni nzito. Lakini ndani yake King analeta ombi la uteuzi: aingie Mweusi kwenye baraza la mawaziri kwa mara ya kwanza. Johnson anampeleka kwenye wizara ya nyumba na miji ambayo bado haijaundwa, na kwa Robert Weaver, mkuu wa shirika la nyumba la serikali.

Ili kuielewa ile tahadhari ya Johnson lazima ujue yaliyompata Kennedy. Mwaka 1962 Kennedy alitaka kuunda wizara hiyohiyo, akaweka wazi mapema kwamba atampa Weaver, na Baraza la Wawakilishi likaukataa mpango. Kura ya kuanzisha wizara ikawa kura ya kumpinga Mweusi mmoja. Johnson hakutaka kurudia, kwa hiyo wizara kwanza, jina baadaye. Sheria akaisaini 9 Septemba 1965, ikaanza kutumika 9 Novemba, na bado jina hakulitaja. Weaver alitangazwa 13 Januari 1966, Seneti ikamthibitisha tarehe 17, akaapishwa tarehe 18. Zaidi ya miezi miwili wizara ilikuwepo kisheria bila waziri, kisha kila kitu kikaisha ndani ya siku tano. Mwendo huo wa polepole na kisha kasi ya ghafla ni wa mtu anayehesabu kura, na ukiziweka tarehe hizo tano kwenye karatasi kabla ya kubonyeza kitufe, simu za miezi hiyo zinaeleweka zenyewe.

Na hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kazi, kwa uteuzi wowote: anzia mwisho. Andika siku ya tangazo, siku ya kura ya Seneti na siku ya kiapo, kisha rudi nyuma wiki tatu au nne. Anayeanzia mwanzo hupotea.

Hatua inayofuata ni shajara ya kila siku ya rais, iliyoandikwa na makatibu wake kwa mashine. Kwenye safu ya simu kuna herufi f kwa aliyepiga kuja kwa rais na t kwa aliyepigiwa, na Lo kwa simu za mjini au LD kwa za masafa. Usizidharau. Nani alimpigia nani ndilo swali la kwanza la uteuzi: aliyetafutwa na rais ana nguvu ya kupatana, aliyejipeleka hana. Shajara inaonyesha pia simu ambazo hazikunaswa, kwa hiyo ndiyo inayokwambia ukubwa wa pengo. Saa zilizoandikwa ni za mahali rais alipo. Akiwa shambani kwake Texas, saa iko nyuma ya ile ya Washington, na simu mbili zinazoonekana kupishana zinaweza kuwa zimefuatana.

Kisha kanda yenyewe. Namba zake si fumbo: WH6402.01 ni kanda ya kwanza ya Februari 1964, mwaka kwa tarakimu mbili, mwezi kwa mbili, halafu namba ya kanda. Baada yake kuna PNO, namba ya kipande ndani ya kanda hiyo, na namba ya rejea ambayo ndiyo inayotajwa kwenye maandishi. Nakili zote tatu, kwa sababu simu moja ndefu inaweza kugawanyika kwenye vipande viwili pale mkanda wa dakika 15 ulipojaa, na anayenakili kipande kimoja huondoka na nusu ya mazungumzo.

Sikiliza mara ya kwanza bila maandishi. Mara ya pili fuata na maandishi, ukisimamisha kila mahali sikio lako na karatasi vinapopingana. Zipo nakala za maandishi zilizochapwa na makatibu wa Johnson siku zilezile, kwa haraka, na zipo za wahariri wa baadaye. Zote zina makosa. Katika nakala moja iliyowahi kuchapishwa, Johnson anamwambia mwenzake kwamba balozi wa Pakistan anamsubiri, na mnakili akasikia tusi kwa watu wasiotajwa. Sauti ya simu haibebi mawimbi ya juu, na konsonanti kama s, f na th zinafanana sana zikishapita kwenye waya. Lafudhi ya Texas inamalizia kazi.

Majina ndiyo mtego wa pili. "Clark" anaweza kuwa Ramsey, baba yake Tom, au Clark Clifford, aliyekuja kuwa Waziri wa Ulinzi tarehe 1 Machi 1968. "Bob" anaweza kuwa McNamara, Weaver au hata Kennedy, ingawa huyu wa mwisho kwa kawaida Johnson humwita Bobby, na kwa sauti isiyo na mapenzi. "John" ni balaa: Connally gavana, Connor wa Biashara, Gardner wa Afya na Elimu, na Macy. John Macy ndiye usiyetakiwa kumkosa. Alikuwa mwenyekiti wa tume ya utumishi, na tangu mwisho wa 1964 akawa pia mtafutaji wa watu wa kuteuliwa. Mafaili yake, yenye majalada ya watu waliofikiriwa kwa nafasi mbalimbali, yako kwenye maktaba ya Johnson huko Austin. Pale ndipo orodha za majina zinapoonekana, na nani alipendekeza nani. Anayesikiliza simu bila kufungua jalada la Macy anasikia harusi bila kujua posa.

Hata hivyo kuna mambo ambayo si kanda wala jalada linayamaliza. Robert McNamara aliondoka Ulinzi kwenda Benki ya Dunia, jambo lililotangazwa Novemba 1967, na mwenyewe alisema baadaye kwamba hakuwahi kujua kama alijiuzulu au alifukuzwa. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanamkumbuka zaidi kwa hotuba yake ya Nairobi ya Septemba 1973 kuhusu umaskini wa vijijini.

Kanda za Johnson nusura zisisikike kabisa. Alifariki 22 Januari 1973, na wiki moja baadaye msaidizi wake akazikabidhi kwa Harry Middleton, mkurugenzi wa maktaba, pamoja na agizo kwamba zifungwe miaka 50. Middleton aliona plastiki haitangoja. Mwaka 1990 akaamua kazi ianze, na sheria ya 1992 kuhusu nyaraka za mauaji ya Kennedy ikaongeza msukumo. Ufunguzi wa mfululizo ulikamilika 2008, zaidi ya saa 600 za simu. Sehemu zilizobaki zimefungwa ni za usalama wa taifa au faragha ya watu, na kwenye mambo ya uteuzi hiyo ya pili ndiyo inayokera: uchunguzi wa mwenendo wa mtu aliyekosa nafasi mara nyingi haufunguliwi, kwa hiyo tunajua zaidi kwa nini fulani alipata kuliko kwa nini mwenzake alikosa.

Nixon, Novemba 1972

Kwa Nixon kazi ni tofauti kabisa. Vinasa vilijiwasha vyenyewe kwa sauti, isipokuwa kwenye chumba cha baraza la mawaziri ambako viliwashwa kwa mkono. Mashine zilikuwa Sony TC-800B, zikizungusha kanda nyembamba sana kwa mwendo wa sentimita 2.4 hivi kwa sekunde ili kanda moja idumu saa nyingi. Mwendo mdogo na kanda nyembamba maana yake ni sauti hafifu yenye mvumo. Kwa vile mashine ilingoja sauti ndipo iamke, silabi ya kwanza baada ya kimya humezwa, na "hapana" fupi baada ya kutafakari inaweza kupotea yote. Maikrofoni tano zilikuwa ndani ya meza ya ofisi ya rais. Kikombe kikitua juu yake, kinasikika kuliko waziri aliyekaa hatua mbili mbali. Zipo saa 3,700 hivi, na hakuna aliyechagua nini kinaswe. Wingi huo ndio mzigo, na ndio uaminifu wake.

Kwa baraza la mawaziri, kipindi cha kwenda nacho ni wiki zilizofuata ushindi wa 7 Novemba 1972. Kesho yake Nixon aliwashukuru mawaziri na kutoka, kisha H. R. Haldeman, mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu, akawataka wote waandike barua za kujiuzulu. Kutumbuliwa kwa jumla, siku moja baada ya kushinda. Nixon akahamia Camp David na kuwaita mmoja mmoja. Elliot Richardson akahamishwa kutoka Afya na Elimu kwenda Ulinzi, Caspar Weinberger akachukua nafasi yake, na Peter Brennan, kiongozi wa vyama vya mafundi ujenzi wa New York, akapewa Kazi. Huu ndio upangaji mpya wa baraza zima ulionaswa vizuri kuliko wowote. Tafuta kwa alama za mahali: OVAL ni ofisi kuu, EOB ni ofisi yake ya jengo la jirani, WHT ni simu za Ikulu, CDHW ni Camp David. Namba ya kanda inatangulia, kisha namba ya mazungumzo. Weka shajara ya Haldeman pembeni, maana anaandika jioni kile kilichoamuliwa, na kanda inatoa saa mbili za kuzungukazunguka kabla ya kufika hapo.

Ukimaliza Novemba, ruka hadi usiku wa 30 Aprili 1973, kwenye WHT. Siku hiyo, kwa ajili ya Watergate, Haldeman, mshauri John Ehrlichman na Mwanasheria Mkuu Richard Kleindienst wamejiuzulu, Richardson amehamishwa tena kwenda Sheria, na Nixon amehutubia taifa. Anaongea na Haldeman, ambaye si mfanyakazi wake tena, na kwa mazoea anamwomba awapigie watu awaulize wameionaje hotuba, kisha anakumbuka na kujirudi. Halafu analalamika kwamba katika baraza zima waziri aliyempigia ni mmoja tu, Weinberger. Sikiliza simu za usiku huo kwa mfuatano wa saa, kuanzia mwisho wa hotuba hadi rais anapokwenda kulala, na uwe na orodha ya mawaziri mkononi uweke alama kwa kila anayepiga.